Awuor, Ile Gari Haikuwa Sawa

Awuor nyathina, mtoto wangu wa kwanza, nesi wa watu wa mbali,

Mimi ni mzima. Mahindi ya upande wa mto yameshika vizuri, kuku wanataga, na hili goti la kushoto linauma tu mvua ikikaribia. Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Sasa salamu nizikomeshe hapo, maana nikiendelea nazo nitapata mahali pa kujificha, na barua hii sikuianza ili nijifiche.

Jumapili iliyopita uliniuliza swali. Ulisema, "Mama, hapa kazini wanataka niongeze mkataba, miaka mitatu tena. Nikiweka sahihi utakasirika?" Mimi nikasema, "Halo? Halo? Network inapotea," nikakata simu. Network haikuwa imepotea, Awuor. Nilikuwa nimesimama pale kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali ambapo simu inashika kuliko hata kwa chifu. Ulipiga tena mara nne. Niliitazama ikilia mkononi mpaka ikanyamaza.

Swali lako lina jibu, na nitakupa. Lakini siwezi kukupa kabla sijakwambia ukweli juu ya gari uliyoninunulia. Na ninaiandika barua wazi, kila mtu asome, kwa sababu uongo wangu pia niliusema mbele ya watu: kanisani, sokoni Ndhiwa, na kwenye foleni ya kusaga unga, ambapo hata wasioniuliza niliwaambia.

Unakumbuka siku tulienda kuitafuta Kisumu? Ulikuwa umekuja likizo ya wiki nne, ngozi imekuwa laini kama ya mtoto, unaongea polepole kama mtu anayepima dawa. Mimi nilivaa suti yangu ya kijani na kofia ya Sabato, ingawa ilikuwa Jumatatu. Muuzaji wa ile yadi akakukaribisha, akakuuliza unataka gari ya aina gani. Ukamjibu kwa utaratibu: ndogo hutaki, kwa sababu barabara ya kwetu ina mawe na mitaro. Kubwa hutaki, kwa sababu mama yako hawezi kuilisha mafuta kama ya mheshimiwa. Unataka ya katikati, iliyoinuka, ya watu watano na mizigo yao.

Mimi nikaona kunyamaza hapo ni dhambi. Nikamwambia, "Huyu unayemwona ni nesi. Yuko majuu. Wazungu wakiugua wanamwita yeye."

"Hongera, mathe."

"Na alikuwa wa kwanza darasani. Kutoka la nne mpaka la nane. Uliza mtu yeyote Ndhiwa."

Ukanivuta mkono. "Mama, tumekuja kununua gari, hatujaja kuniuza mimi."

Yule fundi uliyemlipa atukagulie alilala chini na tochi, akachomeka kamashine kake, akavuta kijiti cha oili akakipangusa kwa kitambaa cheupe kuangalia rangi, akasoma ile karatasi ya mnada ya Japani mstari kwa mstari. Gari ya kwanza akaikataa, shokap zimechoka. Ya pili akaigonga mlango kwa kidole, akasema hii ilipigwa ikapakwa rangi. Nilimpenda yule mtu. Alikuwa haongei sana na hakuna kilichompita. Lakini mimi pia nilikuwa na ukaguzi wangu, na sitaki usahau. Nilipima buti kwa mikono, gunia mbili za mahindi zinaingia zikilala? Nilikaa nyuma nione kama kofia inagusa paa. Na nilifunga kila mlango nikisikiliza. Kuna milango ikifungwa inalia kama sufuria imeanguka. Mlango wa gari ya saba ulisema "mm", kama mtu aliyeshiba. Nikakuangalia, nawe ulikuwa unaniangalia. Fundi alikuwa bado yuko chini yake, lakini sisi wawili tulikuwa tumeshamaliza.

Ilikuwa bluu nzito, rangi ya ziwa pale Mbita mvua ikiwa bado iko juu ya Rusinga haijavuka.

Ile safari ya kurudi nyumbani, sijui kama ilikuwa ya saa tatu au ya maisha yangu yote. Wewe kwenye usukani, mimi kando yako, mshipi umenishika kifuani kama mkono wa mtu. Kendu Bay ziwa likaingia ndani ya gari, nuru yake yote, ikatembea kwenye mikono yako. Nikaona ile mikono niliyokuwa nikiifunga leso ukiwa na surua, usijikune. Homa Bay tukala samaki, tukapanda Rodi, tukafika, wazee wa kanisa wakaizunguka gari wakaiombea kila tairi. Halafu kwa siku tatu ukanizungusha. Tulipita bonde la Lambwe tukaona twiga wamesimama mbali wakitutazama kama wakwe. Tulienda Sindo. Tulienda Migori nilikozaliwa, nikakuonyesha ile shule niliyoiacha nikiwa darasa la saba, na hukucheka.

Siku ya kuondoka ulibandika karatasi ukutani jikoni kwangu. Iwashwe na iendeshwe kila wiki, hata kama ni mpaka Ndhiwa na kurudi. Service kila miezi sita, hata kama haijaenda mbali. Oili ya giaboksi isiwe ya kubahatisha. Ukaongea na Mwalimu Otieno jirani yetu, ambaye ana leseni, akubali kuwa dereva wangu. Halafu ukanishika mabega. "Mama, hii si ya kuwekwa. Ni ya kutumia. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Wiki ya kwanza Mwalimu Otieno akaipeleka Ndhiwa, akarudi nayo imejaa matope mpaka kwenye vioo. Mimi nilisimama mlangoni nikahisi ni kama mtu amekumwagia wewe matope usoni. Nikamshukuru, nikachukua ufunguo kwa adabu, nikamwambia nitamwita. Sikumwita. Niliiosha kwa kitambaa cha pamba mpaka nikajiona ndani yake. Nikajenga banda la mabati kando ya ghala la mahindi. Nikanunua turubai. Zile nailoni ambazo watu wa yadi walifunikia viti sikuzitoa.

Na sasa nikwambie nilichokuwa nikifanya, kitu ambacho hata Mungu alikuwa akikiona akitabasamu, nadhani.

Kila siku saa kumi za jioni, nikitoka shambani na nikishaoga, nilikuwa nainua turubai upande mmoja tu, upande wa abiria. Navua viatu, naviacha chini. Naingia miguu mitupu, nafunga mlango. Mm. Halafu nakaa.

Humo ndani kulikuwa na kimya cha namna yake. Ndege nawasikia lakini kwa mbali, kama ndege wa nyumba ya mtu mwingine. Harufu ilikuwa ile ya Kisumu bado. Kiti chako kilikuwa kitupu, lakini mimi nilikuwa nakuona wazi, na tulikuwa tunatoka. Bila kuwasha injini tulipita Rodi, tukashuka Homa Bay, tukakata kushoto barabara ya Mbita, ziwa likawa upande wa kulia linatufuata, likijificha nyuma ya vilima na kutokea tena. Omena, dagaa wa ziwani, zimeanikwa kando ya maji, zinang'aa kama mtu amemwaga sindano. Wewe unanisimulia wagonjwa wako. Mimi nakusimulia nani ameoa. Siku nyingine tulienda Migori, nikateremka mbele ya ile shule na kofia yangu, nikakuonyesha kwa kila mtu ambaye bado yuko hai. Mvua ikinyesha juu ya mabati, nilikuwa naona wipa zikienda huku na huku, na wala hazikuwa zinaenda. Nikishtuka jua limeshuka, kuku wanatafuta mahali pa kulala, nami sijapika.

Min Ochieng, unamjua, mama yake Ochieng, yule rafiki yangu wa ng'ambo ya ua ambaye Mungu alimpa mdomo kabla ya kumpa miguu, alinikuta siku moja.

"Min Awuor! Hiyo gari ni ya kupanda ama ni ya kuabudu?"

"Ni ya mtoto wangu."

"Na huyo mtoto ako wapi, aipande?"

"Anakuja."

"Yaye! Ikimngoja hivyo itaota mizizi."

"Huo ni wivu."

"Wivu wa gari isiyoenda? Mimi pia niko na kiti kwangu, na hakina turubai."

Tulikuwa tumeshaanza kukosana kidogo wakati huo, kwa sababu leso yangu ya kanisa, ile ya maua ya zambarau, ilipotea kwenye kamba ya nguo, na mimi nilisema, tena kwa sauti, kwamba kamba yangu inapakana na boma moja tu.

Na wewe kila Jumapili: "Mama, gari inaendeleaje?"

"Iko sawa kabisa."

"Ilienda service?"

"Juzi tu."

"Waliweka oili gani?"

"Ileile yako uliyoandika."

Ukacheka. "Mama umekuwa fundi!" Nami nikajivuna, Awuor. Nilijivunia uongo kama watu wanavyojivunia cheti. Nikakutumia na picha, gari inameta, mimi nimesimama kando na mkono juu ya boneti. Na picha haikudanganya, kwa nje ilikuwa mpya kabisa. Mwaka mmoja ukapita namna hiyo, na nusu ya mwingine.

Kisha ikaja ile asubuhi.

Nilikuwa napukuchua mahindi, jua limetoka sasa hivi. Min Ochieng akaja mbio, kichwa wazi, na tulikuwa hatujaongea Sabato mbili kwa ajili ya leso. Lilian, mke wa mwanawe Ochieng, alikuwa na mimba ya kwanza, na Ochieng mwenyewe alikuwa kazini Migori.

"Toa gari! Lilian ameshikwa na uchungu, maji yameshamwagika!"

Nitakwambia ukweli wote. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo wataona. Nikamtuma mtu amwite Mwalimu Otieno, nikavuta turubai lote mara moja kama mgeni rasmi anayefungua jengo. Lilian akaletwa, tukamlaza kiti cha nyuma juu ya ile nailoni, ikawa inalia chini yake kila akijigeuza. Mwalimu akafika anahema, akaingia, akazungusha ufunguo.

Tik.

Akarudia. Tik. Mara ya tatu hata hiyo tik haikuwepo.

Mtu akasema tuisukume. Mwalimu akatikisa kichwa. "Hii ni otomatiki. Haisukumwi."

Lilian alikuwa ameshika mkono wangu kupitia dirishani. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa, "Mama, mbona haiendi?"

Nikamfungulia mlango.

Walimtoa wakampandisha bodaboda, Min Ochieng nyuma yake akimshika kiuno. Alipopita mbele yangu alinitazama tu. Afadhali angenitukana. Angenitukana ningejua tumebaki marafiki.

Hawakufika hospitalini. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, wanawake waliokuwa wakienda soko la Ndhiwa wakasimama duara wakatanua leso zao, na mmoja wao akampokea. Wote wawili wazima, Nyasaye asifiwe. Lakini Lilian alipoteza damu nyingi, akalazwa siku nyingi, na nilipoenda kumwona midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Wewe ni nesi, unajua hiyo rangi. Mimi ilinibidi nitoke nje.

Na unajua sisi Wajaluo tunavyoita watoto. Wewe ulizaliwa usiku wa manane ndiyo maana ni Awuor. Msichana aliyezaliwa njiani hana jina lingine la kutafutiwa. Ni Ayoo. Hakuna aliyenilaumu, hakuna aliyenitaja. Lakini ua wetu ni mmoja, na kutwa nzima nasikia: Ayoo ameamka. Ayoo amelala. Leta maji ya Ayoo. Watu wanaita mtoto, mimi nasikia wanaitaja ile asubuhi. Na mtoto atakua, ataenda shule, ataolewa, mtu atamwuliza ilikuwaje ukazaliwa njiani. Atajibu nini? Kwamba kulikuwa na gari uani, nzuri, imefunikwa.

Min Ochieng hakunitania mwezi mzima. Hujui jinsi boma linavyokuwa kimya mtu kama yule akiamua kunyamaza.

Nilimwita Fundi Omolo wa Rodi, mtu mzima, mnyoofu, ana nywele nyeupe masikioni. Akafungua boneti. Halafu akaanza kutoa vitu, akiviweka chini kimoja kimoja: magunzi ya mahindi, nyasi, pamba, nyaya zilizotafunwa mpaka shaba inaonekana. Panya walikuwa wametoka ghalani kwangu wakajenga kijiji kizima mahali pa filta ya hewa. Na katikati ya kile kijiji, kikiwa kimekunjwa vizuri kama kitanda, akatoa kipande cha leso. Maua ya zambarau.

"Mama," Fundi Omolo akasema, "hii gari haikuchoka kwa kutembea. Imechoka kwa kukaa."

Akaniita nichungulie. Betri imekufa kabisa. Diski za breki zina kutu, zimeng'ang'ana. Tairi zimebonyea upande mmoja, upande uliolala chini muda wote. Oili imezeeka bila kufanya kazi. Chini, mahali ambapo kitambaa changu cha pamba hakikufika, kila kitu kilikuwa kimechakaa. Nililia, nyathina. Fundi akageuka akajifanya anatafuta spana.

Nikakichukua kile kipande cha leso, nikavuka ua. Min Ochieng alikuwa anamuogesha mtoto kwenye beseni. Nikakiweka mbele yake.

Alikigeuza kwa kidole kilicholowa.

"Kwa hiyo mwizi alikuwa panya."

"Alikuwa panya."

"Na huyo panya ulimjengea banda."

"Nilimjengea."

"Ukamfunika na turubai, asinyeshewe."

Hapo ndipo alipoanza kucheka, na mimi nikaanza, tukacheka mpaka mtoto akalia. Kisha akanipa mtoto nimkaushe. Hakusema amenisamehe. Alinipa mtoto, nikamkausha, nikampaka mafuta, nikarudi nyumbani.

Usiniulize nilimlipa fundi kwa kitu gani. Uliza tu yule ndume mweusi wa zizini yuko wapi. Oili ya giaboksi nilienda kuitafuta Homa Bay mwenyewe, namba yake nimeiandika kwenye kiganja. Mwenye duka akanitolea ile nyekundu, akasema, "Mama, hii ni sawa kwa gari zote." Nikamwambia, "Hiyo gari yangu si mojawapo ya zote." Nilizunguka maduka matatu mpaka nikaipata. Hapo ungejivunia mama yako.

Na kwa kuwa nimeanza kujisifu, ngoja nimalize. Nilijiandikisha shule ya udereva. Mimi, na hili goti! Nilikaa darasani na watoto wa juzi, wananiita mathe, wananinunulia mandazi. Mwalimu wa udereva akaniambia, "Mathe, unashika usukani kama unakamua ng'ombe." Nikamwambia, "Na ng'ombe wangu hakosi maziwa." Siku ya mtihani askari alituweka mbele ya ubao wa mji wa kuchora, akanipa kigari cha mbao, akasema nikipitishe kwenye mzunguko. Vijana wawili mbele yangu walikosea. Mimi nilikipitisha kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. Leseni yangu ina picha, na kwenye picha nimevaa kofia.

Sasa gari inatembea. Kila Jumapili asubuhi nafungua boneti: oili, maji, nachungulia kama kuna mgeni amejenga. Tairi napima. Nikisikia mlio nisioujua, naenda Rodi siku hiyohiyo, singoji uwe wimbo. Ghala nimelihamisha. Nimempeleka mzee wa kanisa macho yake yakaangaliwe Homa Bay, nimepeleka akina mama kliniki, nimebeba magunia yakilala na yakisimama. Nilienda Migori peke yangu, na nilipofika kwenye ile shule sikuteremka. Nilipunguza mwendo, nikaiangalia, nikapita.

Na haifanani na ile ya picha. Mlango wa kushoto nimeuparuza kwenye nguzo ya lango letu wenyewe. Nailoni zilichanika nikazitoa zote. Kiti cha nyuma kina doa la omena ambalo sabuni imelishindwa, na lingine la maziwa ya mtoto. Nilijaribu kukupigia picha upande mzuri tu. Halafu nikaona, hapana, tosha.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini nilifanya vile, mwanamke mzima. Nimejua. Nilidhani gari ikibaki mpya, basi wewe umeondoka jana. Nikiiona inachakaa, nitajua miaka imepita, na miaka ikipita bila wewe, huenda umeshakuwa mtu wa kule. Kwa hiyo niliifunika. Nilikuwa nakufunika wewe. Na kila jioni niliingia kukaa na binti ambaye hakuwepo, nikimwendesha mahali ambapo hatukuwa tunaenda, na huku binti yangu wa kweli alikuwa ananipigia kila Jumapili, amechoka kutoka zamu, anataka kuongea na mama yake, na mama yake anamdanganya habari za oili.

Nisamehe kwa hilo. La gari utaniambia mwenyewe. La hizo Jumapili ndilo linaloniuma.

Sasa jibu lako. Weka sahihi, Awuor.

Usiweke kwa ajili yangu, wala usikatae kwa ajili yangu. Kama kazi unaipenda, kama wale wazee wa wodi yako wanakungojea asubuhi, kama kuna mtu huko ambaye hujanitajia jina lake lakini nasikia akikohoa nyuma ya simu, na mimi si kiziwi, kaa. Miaka mitatu mimi nimeikubali. Nitalia siku mbili tatu, kisha nitakuwa na watu wa kupeleka mahali. Ukija likizo, utakuta mama amezeeka kiasi na gari imezeeka kiasi. Usitutafute tulivyokuwa. Utatukuta barabarani. Na usidhani utaendesha wewe.

Kesho kutwa ni Jumapili. Piga, nitashika. Uliza gari inaendeleaje, na safari hii nitakwambia breki za nyuma zinapiga kelele kidogo, na nitakuuliza wewe unaendeleaje, na ukinijibu "niko sawa kabisa", sitakubali, maana hayo maneno nayajua yalikotoka.

Lazima nikomee hapa. Ayoo ana chanjo leo, Lilian ameshamfunga mgongoni, na Min Ochieng amekaa kiti cha mbele kabla ya wenye safari. Anapiga honi. Anaipiga kama gari ni ya mwanawe, na boma zima linamsikia, na mimi namwacha aipige.

Mama yako anayekwenda,
Min Awuor, dereva